Ngozi ya Tulia

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, ila Nausheen alijaribu kuyaficha nyuma ya mbwa. Kiangazi kizima, kila aliyemkuta ameinamia simu kwenye ghala la duka la baba yake pale Gitega, akicheka peke yake, alijibiwa kwamba mwenye mbwa anauliza hali ya mbwa. Na kweli alikuwa akiuliza. Tabu ni kwamba hali ya mbwa mmoja mdogo ilichukua saa nzima kuelezwa, na mwelezaji alirudi jikoni mashavu yamemwiva.

Leo hapakuwa na mbwa wa kuelezwa. Pikapu ya duka ilikuwa imekwisha kupita mji wa Muyinga na kushika barabara ya udongo iendayo Butihinda. Kaka yake Feroz alikuwa kwenye usukani. Nausheen alikuwa amepakata mkoba wake kwa mikono miwili, na ndani ya mkoba mlikuwa na ukanda wa shingoni, wa rangi ya chungwa, ambao bado ulikuwa na nywele fupi nyeupe kwenye kifungo chake.

"Rudia," Feroz alisema.

"Mi si mtoto wa shule."

"Papa amesema urudie mpaka ikae kichwani. Rudia."

"Alikula panya. Panya alikuwa na sumu. Sumu ilitegwa na jirani."

"Voilà. Usiongeze kitu. Ukiongeza utaharibu."

Nausheen aligeukia dirishani. Migomba ilipita, na mibuni, na akina mama wenye mizigo ya kuni kichwani wakakaa kando kulipisha gari. Sumu ile haikutegwa na jirani, na Feroz alilijua hilo kuliko mtu yeyote duniani, kwa sababu ni yeye aliyeichanganya na nyama.

Mambo yalianzia Kobero, mpakani. Egidius alikuwa kijana wa kutoa mizigo forodhani, na shehena za sabuni na vitambaa za Mzee Latif zilipita mkononi mwake. Siku moja alimkuta mbwa chini ya tela, ametupwa na lori lililovuka bila kugeuka nyuma, mguu umevunjika na mbavu zinahesabika. Alimleta Gitega kwa sababu huko kuna daktari wa mifugo. Daktari akasema huyu ni teria, mbwa wa Wazungu, aliyezaliwa kwa kazi ya kuwinda panya, na kwamba atapona akipata mtu wa kumtunza. Egidius alikuwa amepanga chumba kimoja tu Kobero, na mwenye nyumba hakutaka kusikia habari za mbwa. Akamweka kijibwa kile mikononi mwa binti wa mwenye duka. Jina alikuwa amempa tayari, Tulia.

"Sikupi," alimwambia siku ile. "Ninakuragiza."

"Ndiyo nini?"

"Ni desturi ya huku kwetu, ya ng'ombe. Ukimragiza mtu ng'ombe, ng'ombe anabaki wako, lakini maziwa ni yake, mbolea ni yake, na akimtunza vizuri, siku moja unampa ndama. Tuliporudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania mama yangu hakuwa na kitu. Jirani alimragiza ng'ombe. Mpaka leo wale watu ni ndugu zetu."

"Na akifa?"

"Mtunzaji analeta ngozi, anasema alivyokufa. Mwenyewe akiipokea ngozi, yamekwisha, undugu uko palepale."

"Asipoipokea?"

"Basi hakuna tena kitu baina yenu."

Nausheen alicheka. Msichana mwenye furaha huchekea hata masharti. Egidius naye alimtazama akicheka, akasahau kwamba lori lake la kurudi Kobero lilikuwa limewashwa. Kisha akasema, bila kumtazama tena, kwamba Tulia akipona vizuri atakuja Gitega na mjomba wake, na safari hiyo hatakuja kwa ajili ya mizigo.

Nyumbani kwa Mzee Latif haikuwa rahisi. Bibi yake Nausheen, Sugrabai, ambaye wote walimwita Dadima, alisema neno moja tu, kwamba malaika hawaingii nyumba yenye mbwa. Basi Tulia akalala ghalani, na Nausheen akajifunza kuosha mikono kwa udongo na maji kabla ya kugusa kitu cha ndani. Lakini mguu ulipopona, yule mbwa akaanza kazi aliyozaliwa nayo. Mzee Latif, ambaye miaka yote alipigana na panya waliotoboa magunia yake ya mchele, alifika ghalani asubuhi akakuta panya wamepangwa mlangoni, vichwa upande mmoja. Kesho yake akawakuta wengine. Wiki haikwisha akawa anamwita Tulia karani wake, na mara moja Nausheen alimkuta amechuchumaa, mzee mzima na kofia yake, akimweleza mbwa habari za bei ya sukari.

Feroz peke yake hakulainika. Aliona mbali zaidi ya panya. Wageni walikuwa waje kutoka Bujumbura, familia ya jamaa zao yenye kijana wa kuoa, nao walikuwa waje kumwona Nausheen. Na kila jioni Nausheen alikuwa ghalani na simu. Asubuhi moja alimkuta Feroz jikoni akisuuza sahani ya nyama ya kusaga, yeye ambaye hajawahi kusuuza hata kijiko chake. Alipofika ghalani Tulia alikuwa anatetemeka ubavuni, mdomo umejaa povu. Hakufa upesi. Nausheen alimpakata hadi mwisho, na kwa mara ya kwanza hakukumbuka kwamba nguo zake zitanajisika.

"Nilikata kamba tu," Feroz alimwambia. "Iko siku utanishukuru."

Dadima, yule wa malaika, alitoka chumbani na kipande cha kitambaa cheupe, kipya, akamkabidhi mjukuu wake. Walimzika Tulia adhuhuri ileile nyuma ya ghala. Mzee Latif alifukia mwenyewe. Alipomaliza akafuta macho na kusema lile ambalo Nausheen alikuja kulibeba mpaka Butihinda.

"Mi iko na mtoto mwanaume mmoja tu. Nikisema ni yeye, kesho Gitega yote inasema nyumba ya Latif inawekea watu sumu. Bon. Sema ni panya, mwanangu. Panya haina baba wa kuaibika."

Feroz alisimamisha gari barabarani, akakataa kushuka. Nausheen alishika njia ya miguu katikati ya migomba, na viatu vyake vya mjini vikajaa tope.

Mama Adventina alikuwa uani akipepeta maharage. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, wa maneno machache, na Nausheen alijua kwamba mengi ya hayo machache hayakuwa mazuri kwake. Watu wa dukani, aliwahi kumwambia mwanawe, hutuita ndugu wakati wa kupakia mzigo tu.

"Shikamoo, mama." Neno hilo alifundishwa na Egidius, Gitega hakuna aliyemsalimia mtu hivyo.

"Marahaba. Karibu, keti. Umekuja peke yako?"

"Kaka iko barabarani."

"Mwite anywe maziwa."

"Ana haraka kidogo, mama."

Adventina alitazama barabarani, halafu akamtazama yeye, akaingia ndani kuchota maziwa. Na hapo Egidius akatokea nyuma ya nyumba. Alikuwa ameomba ruhusa kazini kwa sababu Nausheen alimpigia kusema anakuja, hakusema kwa nini. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Mkononi alikuwa na bakuli la bati, na kamba mpya.

Walitazamana. Alikuwa na tabasamu la mtu aliyekesha akingoja asubuhi, na Nausheen alilipokea tabasamu lile akijua ni la mwisho kulipata bure. Alitamani apewe hata dakika moja tu, alitazame, aliweke mahali.

"Tulia yuko wapi?" Egidius alimchungulia nyuma. "Umemwacha garini? Joto hili atakasirika."

Nausheen alifungua mkoba.

Egidius aliutambua ukanda kabla haujatoka wote. Ni yeye aliyeukata kutoka kwenye mkanda wa kufungia mizigo, akautia kifungo. Aliliweka bakuli chini polepole. Hakuunyosha mkono.

"Lini?"

"Jumanne."

"Leo ni Ijumaa. Jumanne usiku tuliongea."

"Nilishindwa kusema kwa simu. Nilisema nitakuja mwenyewe, na…" Aliinyosha mikono yote miwili, ukanda umelala juu ya viganja kama alivyofikiri ngozi hutolewa. "We ulinifundisha. Mtunzaji analeta ngozi."

Adventina alikuwa amerudi na kikombe. Alisimama mlangoni akitazama mikono ile.

"Huo ni ukanda," alisema. "Ngozi iko wapi?"

"Tulimzika, mama."

"Siku gani?"

"Siku ileile. Adhuhuri. Dadima alitoa kitambaa cheupe tukamfunika."

"Mbwa mlimvika nguo nyeupe?"

"Ndiyo, mama."

Adventina alikiweka kikombe juu ya kigoda. "Mwanangu, sisi hapa, anayezika mnyama wa watu haraka hataki aonekane alivyokufa."

"Na sisi kwetu, mama, anayezika haraka ndiye anayeheshimu."

Alilisema kwa sauti ndogo, na lilikuwa la kweli, na pengine ndilo neno pekee la kweli alilokuwa amepanga kusema pale. Adventina alilifikiri. Kitu fulani usoni mwake kililegea kidogo, akaketi na kuupakata tena ungo wake.

"Alikufaje?" Egidius aliuliza.

Njia nzima kutoka Gitega Nausheen alikuwa akijiambia kwamba akifika hapa atajua la kusema. Sasa alikuwa amefika. Alimwona baba yake na jembe, kofia imeanguka kando. Alimwona Feroz, si huyu wa garini, ila Feroz mdogo aliyemfundisha kuendesha baiskeli kwenye uwanja wa msikiti. Damu nzito kuliko maji, na siku ile ilikuwa nzito hata kuliko mapenzi, kwa muda wa kutamka sentensi tatu.

"Alikula panya," alisema. "Panya alikuwa na sumu. Sumu ilitegwa na jirani."

Maharage yalianguka machache kutoka kwenye ungo. Egidius alitoa simu mfukoni, akaipekua kwa kidole gumba, kisha akaiweka kwenye kiganja na kuinyosha mbele yake.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya Nausheen mwenyewe, imejaa kicheko. "Egidius, leo wanne. Amewapanga mlangoni sawasawa, Papa amekuja akawahesabu kama maboksi. Na we unajua nini? Hata mmoja hajala. Hajawahi kula panya hata siku moja. Mi namwambia Dadima, huyu mbwa anajua najisi kuliko sisi wote." Kisha kicheko tena, na kwa mbali kubweka kumoja, kwembamba, na kwa muda mfupi Tulia alikuwa hai katika ua ule. Egidius alizima.

"Sikuiweka ili ije kuwa ushahidi," alisema. "Huwa naisikiliza nikitaka kulala."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ile ya Nausheen haikufika hata mlangoni. Alikaa chini penye tope na gauni lake zuri.

"Ni nani?" Egidius aliuliza.

"Usiniulize."

"Nimekuuliza."

"Feroz." Lilitoka pamoja na kilio. "Ni Feroz. Aliweka kwenye nyama. Watu wa Bujumbura iko wanakuja kuniona, alitaka nisiwe na sababu ya kukupigia. Mi sikuwepo, Egidius, naapa, nilifika amekwisha kula. Nilimpakata mpaka mwisho. Papa ndiye alisema tuseme panya. Papa alilia, we hujui, alimpenda, alimfukia kwa mkono wake."

Ng'ombe wa Adventina aliguna zizini. Egidius alipiga magoti mbele ya Nausheen, na kwa mara ya kwanza akaugusa ukanda, ungali juu ya viganja vya msichana. Alitoa nywele moja nyeupe kwenye kifungo, akaisokota kati ya vidole. Nausheen aliona, na moyo wake ukathubutu kutumaini.

"Pokea, Egidius," mama yake alisema.

Wote wawili waligeuka. Adventina alikuwa amesimama, yeye aliyempinga msichana huyu tangu siku ya kwanza.

"Pokea. Ndama wa kwanza wa ng'ombe yule niliyeragizwa alikufa kwa uzembe wangu. Nilisahau kumfunga, akaanguka korongoni. Nilibeba ngozi nikaenda kwa mwenyewe nikamwambia ni mimi. Akaipokea. Kama asingeipokea, wewe usingekuwa na maziwa ya kunywa. Huyu ametoka Gitega mpaka hapa. Amesema."

"Wewe ulisema kabla ya kuulizwa, mama."

Egidius alimgeukia tena msichana.

"Nausheen, nitazame." Egidius alizungumza polepole kama mtu anayebeba kitu kizito. "Kifo cha Tulia nimekisamehe. Hata Feroz nitamsamehe, siku moja, Mungu akinisaidia. Hilo si tatizo. Nimelala usiku ngapi nikikuona humu uani, unampinga mama yangu kwa Kiswahili chako cha Gitega. Nakupenda. Sijawahi kukwambia, nilikuwa nangoja nije na mjomba."

"Basi pokea."

"Ulipakata mnyama wangu anakufa, ukajua nani kamuua, ukaja kwangu ukanitazama machoni ukasema panya. Kwa sababu walikuomba."

"Ni baba yangu."

"Najua. Na atabaki kuwa baba yako. Tukioana nitakuwa naingia nyumba ile. Nitakula chakula cha nyumba ile." Aliukazia macho ukanda. "Siku watakayoniwekea mimi, Nausheen, utamwambia mama yangu nini? Utasema panya?"

Nausheen alitaka kusema hapana. Alilitafuta neno hilo, jepesi, la herufi chache. Lakini alikuwa amesema uongo siku hiyohiyo katika ua huohuo, na alipolipata hapana yake alijua haina tena uzito wa kumsadikisha mtu. Akanyamaza, na kunyamaza kule ndiko Egidius alikokusikia.

Aliikunja mikono ya Nausheen, kidole kimoja kimoja, mpaka ukanda ukafunikwa. Alivishikilia viganja vile muda mrefu kuliko desturi inavyotaka. Kisha akaviachia.

"Rudi nao," alisema.

Adventina alimwinua Nausheen kutoka kwenye tope. Alimfuta gauni kwa kitenge chake, akambembeleza kwa maneno ya Kirundi anayoambiwa mtoto aliyeanguka. "Hora, mwana wanje, hora." Alimpa kikombe cha maziwa, na Nausheen akanywa kwa sababu mkono uliokishika ulikuwa wa huruma, lakini hakuisikia ladha yake. Alipogeuka kuaga, Egidius hakuwepo. Bakuli la bati lilikuwa palepale alipoliacha, na ile kamba mpya ndani yake.

Feroz alikuwa amewasha gari. Alimtazama dada yake akipanda, na tope la gauni, na macho.

"Wamekubali?"

Nausheen alifunga mlango.

"We ulisema vile tulivyopanga? Hukuongeza?"

"Nilisema vile tulivyopanga. Halafu nikasema ni we."

Feroz aliguna, akapiga usukani kwa kiganja. Kisha akauona ukanda kwenye mapaja ya dada yake, umekunjuliwa, unagusa gauni na unagusa kiti. Alirudi nyuma kidogo kwenye mlango wake.

"Bon, toa hicho kitu hapo. Kitupe nyuma. Iko na mate ya mbwa, itabidi uoshe gauni lote kwa udongo."

"Gauni nitaliosha, bhai." Nausheen aliufunga ukanda ule kwenye mkono wake wa kushoto, akakaza kifungo. "We utajiosha na nini?"

Feroz aliingiza gia, wakapita Muyinga, wakapita Karuzi, mpaka taa za Gitega zikaonekana.